Mwambao wa Rumonge Katika Vitabu: Nani Ameandika Habari Zetu?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwa tunaitumia madarasani tunapofundisha mambo ya biashara na matumizi ya fedha, lakini yafaa zaidi kwa mali nyingine, nayo ni kumbukumbu za nchi. Nchi ambayo watu wake hawakuandika habari zake husomwa katika daftari la wageni. Na mgeni, hata awe mwema namna gani, huandika zaidi lile lililomleta.

Makala haya yanakusudia kuvipitia kwa ufupi vitabu vikuu vilivyoeleza historia, utamaduni na maumbile ya Burundi, hasa ule mwambao wa Ziwa Tanganyika unaoanzia Bujumbura na kushuka kusini kwa Rumonge mpaka Nyanza-Lac. Katika kila kitabu tutauliza maswali mawili. Kwanza, nani aliyekiandika na alitaka nini? Pili, habari zake alizipata kinywani mwa nani? Mwishoni tutauliza swali la tatu, ambalo ndilo linalotuhusu zaidi sisi walimu wa Kiswahili: kwa nini mwanafunzi wa Rumonge azisome habari za ziwa lake kwa kila lugha isipokuwa ile inayosemwa ziwani?

Mahali penyewe

Rumonge ni mji ulioko kiasi cha kilomita 75 kusini ya Bujumbura, katika uwanda wa Imbo, chini ya milima ya Mirwa. Uwanda huu ni wa joto, nao hustawisha michikichi. Ndiyo maana mji umepata sifa ya mawese kama ulivyopata sifa ya samaki. Ukienda kusini kidogo utaukuta msitu wa asili wa Kigwena, mabaki ya misitu ya nchi za chini iliyokuwa kando ya ziwa kabla ya mashamba kuenea. Mji huu ulihesabiwa katika mkoa wa Bururi mpaka mwaka 2015, ukawa makao makuu ya mkoa wenye jina lake, na tangu mikoa ilipopunguzwa mwaka 2025 kutoka 18 kuwa 5, umo katika mkoa wa Burunga. Mtu aliyezaliwa hapo na asitoke kamwe amekwisha kuishi katika mikoa mitatu. Jambo hilo peke yake latuonyesha kuwa majina ya mahali hayana budi kuandikwa pamoja na miaka yake.

Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani. Lakini bandarini, sokoni, misikitini na katika mitumbwi, Kiswahili ndicho kiunganishacho Rumonge na Kigoma, Uvira, Kalemie, hata Mpulungu kule mwisho wa ziwa. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, na kina chake hufika mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal tu lililo na kina kikubwa kuliko hicho. Nchi nne hulichangia: Kongo na Tanzania zina sehemu kubwa, Zambia na Burundi zina sehemu ndogo. Basi mwambao wetu ni mfupi, lakini umeandikwa sana.

Wasafiri na wakalimani wao

Kitabu cha kwanza kikubwa ni The Lake Regions of Central Africa cha Richard Burton, kilichotoka mwaka 1860. Burton na mwenzake John Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakaondoka kwa mitumbwi Aprili mwaka ule ule kuelekea kaskazini. Walipita mwambao wa Urundi, wakavuka hadi Ubwari, kisha wakafika Uvira. Walilokuwa wakilitafuta ni moja tu: chanzo cha mto Nili. Waliambiwa kwamba upande wa kaskazini uko mto Rusizi, na hamu yao ilikuwa kujua kama mto huo watoka ziwani au waingia ziwani. Ukitoka, huenda ndio Nili. Ukiingia, safari yao haikupata jibu walilolitaka.

Hapa pana funzo kubwa kwa mwalimu wa lugha. Kabla ya safari hiyo Speke alikuwa amevuka ziwa na kuzungumza na mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, akarudi na habari njema kwamba mto watoka ziwani. Walipofika Uvira, wenyeji waliwaambia kinyume chake, kwamba Rusizi huingia ziwani. Ndipo Bombay, mkalimani wao, aliposema kuwa hata Sheikh hakusema vingine, ila maneno yake yalieleweka vibaya. Speke hakujua Kiarabu, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Maneno yalipita kwa Bombay na kumfikia kwa Kihindustani. Neno moja lilipotea njiani, na watu wazima walisafiri siku nyingi katika mvua na maradhi kwa ajili ya neno hilo.

Kila mwalimu wa sarufi anaweza kuutumia mfano huu. Tunapofundisha kiambishi tamati "-ni", huwa twawaambia wanafunzi kwamba "ziwani" yaweza kuwa mahali mtu alipo, mahali aendako, au mahali atokako. Kitenzi ndicho kiamuacho. Asiyekishika vema kitenzi ataukuta mto ukienda juu mlimani. Hatusemi kwamba ndiyo sentensi iliyomchanganya Speke. Twasema tu kwamba historia ya jiografia ya Afrika iliwahi kuning'inia kwenye vitenzi viwili vidogo, "kuingia" na "kutoka".

Huyo Bombay, jina lake kamili Sidi Mubarak Bombay, alizaliwa katika nchi ya Wayao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi Bara Hindi, kisha akarudi Afrika Mashariki. Aliwaongoza Burton na Speke, baadaye Stanley, kisha Cameron aliyevuka bara zima na kuandika Across Africa mwaka 1877. Hakuandika kitabu chake mwenyewe, ingawa vitabu vya mabwana hao wote vimejaa habari zilizopita mdomoni mwake.

Burton mwenyewe hakupanda milima kuingia ndani ya Urundi. Alipita kando ya ziwa, akawasema Warundi kwa maneno ya dharau, akaenda zake. Haitupasi kukitupa kitabu chake kwa sababu hiyo, maana kina habari nyingi za bei, vyakula, mitumbwi na njia za misafara. Lakini twapaswa kuwafundisha wanafunzi kutenganisha kile mwandishi alichokiona na kile alichokidhania kabla ya kuondoka kwao.

Swali la Rusizi lilimalizika Novemba 1871. Henry Stanley, baada ya kumkuta David Livingstone Ujiji, alisafiri naye kwa mtumbwi mpaka kichwa cha ziwa, na wote wawili wakaona kwa macho yao kuwa mto huingia. Stanley aliyaeleza hayo katika How I Found Livingstone, kilichotoka mwaka 1872. Njiani walilala Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, na jiwe lililoko pale huonyeshwa kwa wageni mpaka leo likiwa na majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Wako watu wengi wanaodhani, na wengine hufundisha, kwamba wawili hao walikutana mara ya kwanza kwenye jiwe hilo. Sivyo. Walikutana Ujiji. Mwanafunzi akifundishwa kulinganisha tarehe ya jiwe na tarehe za kitabu, atajifunza kazi nzima ya mwanahistoria katika kipindi kimoja cha somo.

Waswahili, mwami na wamisionari

Wakati wazungu hao walipopita, Waswahili na Waarabu wa pwani walikuwa wamekwisha kufika Ujiji kwa biashara ya pembe na, kwa huzuni twasema, ya watumwa. Wapo waliotuachia maandishi, nayo ni kwa lugha yetu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Katika kitabu Safari za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten mwaka 1901, imo safari ya Selemani bin Mwenye Chande, aliyetoka pwani akaenda bara mpaka Tanganyika. Maandishi haya ni hazina, maana ndani yake Kiswahili cha karne ya 19 chasikika kikisema chenyewe, bila kupita kwa mkalimani. Hata hivyo, msomaji asisahau kwamba mwenye kuandika alikuwa mfanyabiashara, na wale waliofungwa minyororo hawakuandika.

Upande wa Burundi, mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu miaka ya 1850 mpaka alipofariki mwaka 1908, aliilinda nchi yake dhidi ya biashara hiyo. Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip mwenye makao yake Ujiji, alijaribu kuitia nchi mkononi kutoka upande wa ziwa, akazuiwa na majeshi ya mwami. Mwambao ulionja uchungu wa misafara, lakini nchi ya milimani haikufunguka. Kumbukumbu ya zama hizo ndiyo iliyofanya jina "Mswahili" libebe dharau katika vinywa vya baadhi ya watu wa Burundi mpaka leo, kana kwamba kila asemaye Kiswahili ni mjanja au mwongo. Mwalimu wa Kiswahili anayefanya kazi Burundi hawezi kulikwepa jambo hilo. Dawa yake ni kulieleza darasani, pamoja na miaka na sababu zake.

Katika hali hiyo ndipo walipofika Mapadri Weupe. Mwaka 1879 walianzisha kituo chao Rumonge, cha kwanza katika nchi ya Burundi. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa hapo katika ugomvi na watu wa jirani, na kituo kikafungwa. Misheni za kudumu zilikuja baadaye na upande mwingine wa nchi, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Basi Rumonge umeingia katika vitabu vya dini kama mahali pa mauaji, ilhali sauti ya wale jirani, waliokuwa wakiishi kati ya wauza watumwa na wageni wapya, haikuandikwa na mtu.

Vitabu vya milimani

Oscar Baumann ndiye Mzungu wa kwanza kuipita Burundi ndani kwa ndani, mwaka 1892. Kitabu chake cha Kijerumani, Durch Massailand zur Nilquelle, kilitoka mwaka 1894. Watu walimpokea kwa nyimbo na shangwe, wakimwita Mwezi, naye akaandika kwamba ukoo wa wafalme hao umekwisha kutoweka. Mwezi Gisabo alikuwa hai wakati huo huo! Hapa tena tunaona hasara ya kuiandika nchi bila kuijua lugha yake.

Wajerumani walijenga boma Usumbura mwaka 1897, na tarehe 6 Juni 1903 wakamlazimisha mwami kutia saini mapatano ya Kiganda. Mwaka 1916, mwaka ambao majeshi ya Ubelgiji yaliichukua nchi, kilitoka kitabu cha Hans Meyer, Die Barundi. Ni kazi kubwa, yenye habari za nyumba, ng'ombe, sherehe na utawala. Lakini imejengwa juu ya fikra iliyopendwa na wataalamu wa zama hizo, kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu ni kabila la wageni waliokuja kutoka mbali na kuwatawala wenyeji kwa ubora wa damu. Padri Bernard Zuure aliandika L'âme du Murundi mwaka 1932. Askofu Julien Gorju naye aliweka fikra hiyo ya ufalme wa "Kihamiti" katika jina lenyewe la kitabu chake cha mwaka 1938. Vitabu hivyo vilikuwa shuleni na maofisini. Wahutu na Watutsi, wanaosema lugha moja na kukaa kilima kimoja, walisomeshwa kwamba wao ni watu wa asili mbili zisizokutana. Msomaji asidhani kwamba kosa la kitabu hubaki kitabuni.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, uandishi ulianza kugeuka. Mwaka 1972 Jan Vansina alichapisha La légende du passé, alimokusanya masimulizi ya wazee wa Burundi. Humo tunakuta kwamba habari za Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme, husimuliwa kwa namna mbili: masimulizi mengine humleta kutoka upande wa Rwanda, mengine humleta kutoka Buha, ng'ambo ya kusini na mashariki, ambako leo ni Tanzania. Masimulizi ya pili hayamshangazi mtu wa Rumonge, ambaye akivuka mpaka humwelewa Muha bila mkalimani. Mwaka 1977 Émile Mworoha alitoa Peuples et rois de l'Afrique des Lacs, na mwaka 1987 akaongoza wenzake kutoa historia ya Burundi tangu mwanzo mpaka mwisho wa karne ya 19. Joseph Gahama aliandika juu ya utawala wa Wabelgiji mwaka 1983. Kwa mara ya kwanza Warundi wenyewe ndio walioshika kalamu. Waliandika kwa Kifaransa.

Mwaka 1972

Hatuwezi kuzungumza juu ya Rumonge na tukauruka mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka ule uasi ulianza, na mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac ulikuwa mojawapo ya mahali ulipowaka. Waasi waliwaua watu wengi, hasa Watutsi. Kisha utawala ulijibu kwa mauaji makubwa mno katika nchi nzima, yaliyowalenga Wahutu, na hasa wale waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri. Waliokufa huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi hukadiria kuwa walizidi laki moja. Miongoni mwao alikuwemo padri Michel Kayoya, mwandishi wa Sur les traces de mon père, kitabu cha mwaka 1968 kilichotafuta hekima ya wazazi kama msingi wa Burundi mpya. Aliuawa Gitega mwezi Mei. Ndugu msomaji ambaye ni mwalimu atakumbuka kwamba mwaka ule kosa la kutosha lilikuwa kujua kusoma na kuandika.

Wengi wa mwambao walivuka kwenda Tanzania, wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wengine wakajichanganya mjini Kigoma. Liisa Malkki aliwasikiliza watu hao katika miaka ya 1980, na kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995. Alionyesha jambo la kufikirisha: wale waliokaa pamoja kambini walijenga historia moja kali ya taifa lao, wakaisimulia kila siku; wale waliokaa mjini, wakisema Kiswahili na kuoana na jirani, walijitambulisha kwa namna nyingi na hawakuing'ang'ania historia hiyo. Jean-Pierre Chrétien na Jean-François Dupaquier walirudi kwenye nyaraka na mashahidi katika kitabu cha mwaka 2007 juu ya mwaka 1972.

Watoto wa wakimbizi hao walisoma katika shule za Tanzania, kwa Kiswahili. Wapatao 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Wengine, kuanzia mwaka 2008 hasa, walirudi Burundi, na wengi wao walirudi mwambao, kwenye Rumonge na Nyanza-Lac. Walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine, ambao baadhi yao waligawiwa na serikali na kuyalima kwa miaka 30 na zaidi. Kila upande ulikuwa na kumbukumbu yake, na kumbukumbu nyingi hazikuwa na karatasi. Kijana aliyerudi na Kiswahili safi, Kirundi cha nyumbani na bila Kifaransa, hakuweza kusoma hata kimoja cha vitabu tulivyovitaja vinavyoeleza kwa nini babu yake aliikimbia nchi. Hilo ndilo jambo lililotusukuma kuandika makala haya.

Vitabu vya maji na samaki

Maumbile nayo yana vitabu vyake. J. E. S. Moore, katika The Tanganyika Problem cha mwaka 1903, aliona konokono wa ziwa wanafanana na wa baharini, akahitimisha kuwa hapo kale ziwa liliungana na bahari. Wataalamu waliomfuata walimkosoa: viumbe hao walibadilika ziwani humo humo katika mamilioni ya miaka ya kukaa peke yao. Pierre Brichard, aliyeishi Burundi akiwasafirisha samaki wa mapambo, alitoa vitabu vikubwa vya samaki wa Tanganyika mwaka 1978 na 1989, na mwaka 1991 George Coulter alihariri Lake Tanganyika and its Life. Humo ndagala, mukeke na sangala wana majina ya Kilatini na michoro mizuri. Lakini mvuvi wa Rumonge, ajuaye ni usiku upi wa mwezi ndagala hawavutwi na taa, hawezi kuvisoma, wala mwandishi wa kitabu kingine hawezi kumsoma mvuvi.

Tutoe mfano mmoja kuonyesha kuwa jambo hili si la fahari tu. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia majumbani Gatumba, Bujumbura na Rumonge, na watu wengi wakahama. Wengi walisema haijapata kutokea. Imepata kutokea. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 maji yalipanda vivyo hivyo. Na Stanley, aliporudi Ujiji mwaka 1876, aliikuta michikichi aliyoiona sokoni mwaka 1871 imesimama ndani ya maji. Sababu ni kwamba ziwa lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na njia hiyo ilikuwa imezibwa na matope na majani. Muda mfupi baadaye kizuizi kilivunjika. Edward Hore alipofika Lukuga mwaka 1879 aliyakuta maji yakienda kwa nguvu, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa, likaacha wazi ardhi ambayo vizazi vilivyofuata viliijenga. Hore aliyaeleza maisha yake ya ziwani katika kitabu cha mwaka 1892. Basi sehemu ya ardhi tunayoiita yetu ni ardhi ambayo ziwa liliiazima. Lau habari hizi zingekuwa katika kitabu cha darasa la sita kwa Kiswahili chepesi, huenda baadhi ya nyumba zingejengwa juu zaidi.

Kazi iliyo mbele yetu

Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala wakati wa Wajerumani. Wabelgiji wakakiacha pembeni, na wakuu wa misheni wengi hawakukipenda kwa kukiona ni mlango wa Uislamu. Kikabaki Buyenzi na mitaa ya Bujumbura, Rumonge na bandari nyingine. Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, hali ilibadilika, na sasa Kiswahili hufundishwa shuleni. Lakini lugha ikifundishwa bila vitabu vinavyohusu mahali wanapoishi wanafunzi, hubaki kuwa maamkizi na sarufi. Mtoto wa Rumonge husoma habari za mnazi na dau la pwani ya bahari. Za mchikichi na mtumbwi wa ndagala hazioni.

Tungependa kupendekeza mambo matatu. La kwanza, kila shule ya mwambao iwe na daftari la kumbukumbu. Wanafunzi wa madarasa ya juu waandike masimulizi ya wazee kwa Kirundi au Kiswahili, kama msimuliaji atakavyo, wakitia tarehe, mahali na kazi ya msimuliaji, na kuweka majina ya watu kwa idhini yao tu. Mambo ya mwaka 1972 yaandikwe kwa uangalifu mkubwa, pande zote zikisikilizwa, wala mwalimu asimlazimishe mtu kusema. La pili, sura chache zilizochaguliwa katika vitabu hivi zitafsiriwe kwa Kiswahili, zikiwa na maelezo ya mahali mwandishi alipokosea na sababu yake. La tatu, istilahi za ziwa zikusanywe. Mtu wa Kigoma husema dagaa, wa Rumonge husema ndagala. Yote mawili ni maneno ya watu wanaoishi kwa samaki huyo, na kamusi itakayoacha moja itakuwa imeacha nusu ya ziwa.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya maprofesa. Nasi hatuwadharau maprofesa, maana bila Mworoha, Gahama na wenzao tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini profesa huja kijijini kwa mwezi mmoja na kurudi chuoni. Mwalimu hukaa. Humjua mzee aliyeona maji yakipanda miaka ya 1960, humjua mama aliyerudi kutoka Mishamo na jirani aliyempisha nusu ya shamba, tena huwa na vijana 40 wenye kalamu mbele yake kila asubuhi. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1972 amekwisha kupita 65, na daftari lake, likiwa kichwani tu, ataondoka nalo.